Uchambuzi wa kisa: mnara wa jiwe kwenye ziwa la magadi, na povu lililoipotosha timu

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa jiolojia, waongoza wageni na yeyote anayepeleka watu kwenye maziwa ya magadi. Jina la ziwa, la kijiji, la chuo na ya wahusika nimeyaondoa, na vipimo vinavyoweza kulitambulisha eneo nimevieleza kwa ujumla tu. Nimefanya hivyo kwa heshima ya watu waliokubali kisa chao kisimuliwe, na zaidi kwa ajili ya jiwe lenyewe: ni dhaifu, na mahali lilipo pakijulikana litamegwa vipande vya ukumbusho kabla mwaka haujaisha. Timu imeisoma rasimu na kuridhia itumike kufundishia.

Ziwa na jiwe lenyewe

Ziwa liko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, ukanda uleule wenye Natron, Magadi na Bogoria. Maziwa haya hayana mto unaotoka. Maji huingia kwa vijito na chemchemi, kisha hayana njia ya kutoka isipokuwa kugeuka mvuke kwa joto la jua. Mvua inapopita kwenye miamba ya volkano huyeyusha sodiamu, kalsiamu na bikaboneti kidogo kidogo. Maji yanapokaukia ziwani, kalsiamu ndiyo ya kwanza kujitenga: hukutana na kaboneti (itokanayo na bikaboneti hiyo), ikaganda kuwa chokaa, ikazama. Sodiamu hubaki ikizidi kukolea, hadi maji yanateleza vidoleni na pH, kipimo cha asidi na alikali ambacho 7 ni katikati yake, inafika 10 au zaidi. Yakizidi kukauka, yenyewe huganda kuwa magadi.

Msomaji aishike vizuri hiyo habari ya kalsiamu. Ziwa la magadi likishakolea, kalsiamu ndani ya maji yake huwa imekwisha kabisa au karibu na kwisha. Kwa hiyo ukikuta jiwe la chokaa limesimama katikati ya ziwa la namna hiyo, swali la kwanza ni kalsiamu yake ilitoka wapi.

Jiwe la kisa hiki ni moja ya kundi dogo la minara iliyosimama kwenye tambarare ya ufukwe, ambayo msimu mmoja hufunikwa na maji na msimu mwingine huachwa wazi chini ya ganda jeupe la magadi. Mkubwa wao unamzidi mtu kwa urefu. Kwa mbali unafanana na kichuguu, na wachungaji wa eneo hilo huiita minara hiyo vichuguu vya ziwa. Kwa karibu ni kitu kingine: uso wenye vitundu vitundu, kilele kilichobonyea chenye tundu la kuingiza mkono, na mguuni upande wa mashariki maji ya uvuguvugu yanachuruzika kutoka kwenye ufa na kuacha mstari wa ukijani kabla ya kupotelea kwenye magadi.

Minara ya aina hii inajulikana kwingineko. Ziwa Abbe, mpakani mwa Djibouti na Ethiopia, lina minara ya chokaa mirefu kama majengo ya ghorofa. Ziwa Van la Uturuki lina minara iliyo chini ya maji, mingine inafika mita 40, iliyotangazwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 1991 na ambayo vijidudu vilishiriki kuijenga. Mono Lake la California ni maarufu kwa sababu ya kusikitisha: jiji la Los Angeles lilianza kuchepusha vijito vyake mwaka 1941, maji yakashuka, na minara iliyokuwa imekua chini ya maji ikaachwa nchi kavu. Utaratibu wa msingi kwenye maziwa hayo ni mmoja. Chemchemi yenye kalsiamu huchomoza sakafuni mwa ziwa lenye kaboneti nyingi, vitu viwili vinakutana mdomoni mwa chemchemi, chokaa inaganda papo hapo, na mnara unapanda kufuata maji.

Kwa hiyo timu ilipofika na kuona mnara wenye tundu na maji yanatoka mguuni, maelezo yalikuwa tayari vichwani mwao. Hapo ndipo kisa kinapoanza.

Timu, swali na ridhaa

Ilikuwa timu ndogo ya chuo: kiongozi aliyebobea kwenye miamba ya volkano, wanafunzi kadhaa, mmoja wao wa uzamili ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya kemia ya maji, na dereva. Swali lao lilikuwa la kawaida: minara hii ni nini, iliundwaje, na je, bado inakua?

Kibali cha taifa cha utafiti walikuwa nacho. Upande wa Kenya hutolewa na NACOSTI, upande wa Tanzania na COSTECH, na pasipo kibali hicho hakuna anayeruhusiwa kukusanya sampuli. Wengi wakishakipata huona wamemaliza. Kiongozi wa timu hii hakuona hivyo, akaenda kwanza kwa wazee wa kijiji. Hoja yake ilikuwa na historia nyuma yake. Waendorois waliondolewa kwenye ardhi yao kandokando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi, wakaishitaki serikali ya Kenya mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukaidhinisha uamuzi uliowapa haki. Mtu anayefanya kazi kwenye maziwa haya na hajui kesi hiyo hajajiandaa.

Wazee walikubali kwa masharti mawili: mnara usivunjwe, na timu ifuatane na mzee mmoja aliyekuwa akivusha punda wa magadi eneo hilo tangu ujana wake. Sharti la kwanza liliwakera wanafunzi, maana mwanajiolojia bila nyundo hujiona hana kazi. Baadaye likaonekana ndilo lililookoa utafiti.

Siku ya kwanza: kufika, na asidi

Ganda la magadi ndilo hatari ya kwanza ya maziwa haya. Juu ni jeupe na linaonekana imara. Chini yake huenda kuna tope la maji ya chumvi kali, na karibu na chemchemi tope hilo huwa la moto. Huko Magadi kuna chemchemi zinazofika nyuzi 86 za Selsiasi. Kiongozi alikuwa amepanga njia kwa picha za setilaiti, mstari ulionyooka kutoka kwenye gari hadi mnarani. Mzee aliutazama ule mstari kwenye simu, akachora mwingine chini kwa fimbo, wa kuzunguka, karibu mara mbili kwa urefu.

“Kijana, hapa punda hapiti. Asipopita punda na wewe usipite.”

Wakafuata njia ya punda. Hata hivyo, karibu na mnara mwanafunzi mmoja alitoka nje ya mstari hatua chache ili apige picha, ganda likapasuka, mguu ukazama hadi juu ya kifundo. Gambuti lilimkinga na joto, ila maji ya magadi yaliingia ndani. Mwenzake alitaka kumkamulia ndimu kwenye mguu kwa wazo kwamba asidi itaua ukali wa magadi. Kiongozi alikataa, akaamuru mguu uoshwe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu. Alikuwa sahihi. Ngozi iliyokwisha kulainishwa na alikali haipaswi kuongezewa asidi, na joto la vitu hivyo viwili kuzimana linaweza kuongeza jeraha. Hadi jioni mwanafunzi alikuwa na wekundu na mwasho, basi.

Maji safi yaliyotumika yalikuwa ya kunywa, na sehemu kubwa ya akiba ikaisha. Hilo lina umuhimu wake katika kilichofuata.

Walipofika mnarani, wakafanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua: tone la asidi hafifu ya haidrokloriki juu ya jiwe. Jiwe la chokaa hutoa povu, jiwe la silika, kama gumegume, halitoi. Tone lilipotua, povu likafumka kwa nguvu. Wakajaribu kilele, ubavu, mguuni, kote povu. Daftari la siku hiyo limeandikwa “chokaa, mnara mzima”. Kutoka hapo hadi hitimisho ilikuwa hatua moja: chokaa, tundu, maji yanatoka, basi mnara uko hai na unaendelea kukua. Jioni mmoja wa wanafunzi aliwaambia vijana wa kijiji hivyo hivyo, kwamba mna mnara unaokua. Vijana walifurahi sana. Usiku huohuo walianza kuzungumzia njia ya wageni, kibao na ada ya kiingilio.

Shaka ilianzia wapi

Mwanafunzi wa uzamili alikuwa na picha za karibu za yale matone. Alipozikuza aliona jambo ambalo macho hayakulishika kule jua kali likiwaka: pale povu lilipotulia, weupe ulikuwa umetoweka na chini yake kulikuwa na uso wa kahawia usio na hata dalili ya kuliwa na asidi. Chokaa ikipata asidi hubaki na kishimo kidogo, na ukiongeza tone inaendelea kutoa povu. Hapa sehemu nyingine zilikuwa zimenyamaza baada ya tone la kwanza.

Maelezo ni mepesi ukishayajua. Magadi pia ni kaboneti. Asidi ikigusa magadi hutoa povu la hewa ya ukaa kama inavyotoa kwenye chokaa, tena kwa kasi zaidi. Mnara wote ulikuwa umevaa utando wa magadi ulioachwa na maji ya ziwa yalipokauka juu yake. Walichopima ni utando. Jiwe lenyewe hawakuwa wameligusa.

Kwa wanaoshughulika na miamba ya kawaida kosa hili halipo, ndiyo maana vitabu vya mwanzo havilionyi. Kwenye ziwa la magadi ni mtego unaokungoja kwenye kila jiwe.

Kiongozi alikuwa na uamuzi wa kufanya. Kuosha jiwe kulihitaji maji safi, na akiba ilikuwa imeisha kwenye mguu wa mwanafunzi. Angeweza kuosha kwa maji ya chemchemi ya mnarani, ambayo yako hapo hapo, lakini nayo yana sodiamu na bikaboneti, yangeacha utando mpya yakikauka. Angeweza kutumia nyundo apate uso safi ndani ya jiwe, jambo ambalo lingechukua sekunde moja na kuvunja ahadi kwa wazee. Aliamua kupoteza karibu siku nzima: dereva alitumwa kwenda kujaza madumu kwenye kijito cha mlimani, na timu ikabaki kupima maji badala ya jiwe.

Siku ya maji

Siku hiyo ndiyo iliyozaa matokeo, ingawa ilianza kama siku ya kungoja.

Asubuhi hapakuwa na upepo. Mwanafunzi mmoja alitaka kupanda achungulie ndani ya tundu la kilele. Mzee hakusema neno, alionyesha tu kwa fimbo: ndani ya kibonyeo cha kilele kulikuwa na panzi na nyuki waliokufa, wengi, wamekauka. Kiongozi akapiga marufuku mtu yeyote kuinamisha kichwa kwenye tundu lolote au kwenye shimo lililo chini ya usawa wa tambarare. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika bonde la Magadi na Natron hewa ya ukaa hutoka ardhini kwa wingi kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu ya kukutahadharisha, na pasipo upepo hujikusanya mashimoni. Timu haikuwa na kifaa cha kuipima, na pasipo kifaa jibu la busara ni kutokaribia. Tundu lilipigwa picha kwa simu iliyofungwa kwenye mti mrefu.

Picha zilionyesha bomba lililonyooka kwenda chini, kavu, na kuta zake zimefunikwa na mapande ya zamani. Hapakuwa na unyevu. Maji ya mguuni hayakuwa yanapita ndani ya bomba la mnara hata kidogo. Yalitoka kwenye ufa wa pembeni, kati ya mnara na tambarare.

Kisha yakaja maji yenyewe. Mwanafunzi wa kemia alikuwa amebeba matone ya kupimia ugumu wa maji, yale yanayotumiwa kwenye visima na matangi. Unaweka rangi kwenye sampuli. Ikiwa kuna kalsiamu au magnesiamu, maji yanageuka mekundu ya zambarau, kisha unahesabu matone ya dawa hadi yawe ya buluu. Alipoweka rangi kwenye maji ya chemchemi, aliyoyazimua kwa maji yaliyochujwa, yakawa ya buluu moja kwa moja. Hakukuwa na cha kuhesabu. Akarudia, buluu tena. Jioni dereva aliporudi na madumu, akajaribu maji ya kijito kwa njia ileile: mekundu, na ikachukua matone mengi kuyageuza.

Maji yanayochuruzika mguuni mwa mnara leo, basi, hayana kalsiamu ya kujengea chochote.

Kipimo kimoja cha siku hiyo kiliharibika. Kipima pH kilikuwa kimesawazishwa kwa vimiminika vya pH 4 na 7 tu, wakati maji yaliyokuwa yanapimwa yako juu ya 9. Isitoshe, kioo cha kipima pH cha kawaida hudanganyika kwenye maji yenye sodiamu nyingi na alikali kali: huhesabu sodiamu kana kwamba ni asidi na kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Namba za pH za timu ziliandikwa daftarini, lakini hazikutumika kwenye ripoti, na ndivyo ilivyostahili.

Jiwe lililooshwa

Kesho yake waliosha viraka vidogo vya mnara kwa maji ya kijito na brashi laini, wakangoja vikauke, wakarudia asidi. Sasa mnara ukazungumza lugha mbili. Kuta za nje na za ndani ya nyufa zilitoa povu la polepole lenye kuendelea: hiyo ni chokaa kweli. Kati ya tabaka hizo kulikuwa na mkanda wa kahawia, upana wa vidole viwili hivi, ambao haukutoa povu wala haukukwaruzwa na kisu cha chuma. Kisu chenyewe ndicho kilichoacha mstari wa kijivu juu yake. Ni silika, jamii ya gumegume.

Mkanda huo si kitu kidogo. Silika huyeyuka kwa shida kwenye maji ya kawaida, lakini pH ikipita 9 huyeyuka kwa wingi. Maziwa ya magadi kwa hiyo yanaweza kubeba silika nyingi, na maji matamu yakiingia na kushusha pH, silika hiyo huganda. Ziwa Magadi ndilo lililofundisha dunia jambo hili: mwaka 1967 mwanajiokemia Hans Eugster alieleza madini mapya ya sodiamu na silika kutoka huko, yakapewa jina magadiaiti, akaonyesha jinsi yanavyoweza kugeuka kuwa gumegume. Mnara wa kisa hiki, kwa tafsiri ya timu, umeandika historia ya ziwa lake. Kulikuwa na kipindi chemchemi ilipoleta kalsiamu ndani ya ziwa lenye maji mengi, chokaa ikajengeka. Kikaja kipindi ziwa lilipokolea na kulimbikiza silika, kisha likazimuliwa. Halafu chokaa tena. Leo hakuna kinachojengwa.

Ushahidi wa jirani unaunga mkono picha ya maji mengi ya zamani. Kwenye bonde la Magadi na Natron kuna mawe yaliyovaa maganda ya stromatoliti, yaliyojengwa na vijidudu chini ya maji, yakiwa leo makumi ya mita juu ya usawa wa ziwa. Timu ilitafuta maganda kama hayo kwenye mteremko wa upande wa pili na ikayapata.

Kwa sampuli waliokota vipande vilivyokwisha kuanguka vyenyewe mguuni. Baadaye, baada ya kurudi kwa wazee na kueleza walichokiona, waliruhusiwa kuchukua kipande kimoja kisichozidi dole gumba kutoka ubavu uliokuwa umevunjika zamani. Kipande hicho kilikatwa na kusagwa hadi mwanga ukapita, na chini ya hadubini tabaka za chokaa na mkanda wa silika zilionekana kwa mpangilio uleule waliouona kwa macho.

Kusahihisha neno lililokwisha kutoka

Kiongozi alirudi kijijini akaomba kikao na wazee pamoja na vijana. Aliwaambia waziwazi kwamba mnara haukui, kwamba maneno ya siku ya kwanza yalitangulia vipimo, na kwamba mnara uliokufa ukivunjwa hautajijenga tena. Vijana walinung’unika, na haki walikuwa nayo, maana walishaanza kupanga. Mzee wa punda alisema yeye hajawahi kuuona ukiongezeka tangu azaliwe, na hakuna aliyemuuliza.

Mpango wa wageni haukufa. Ulibadilika: njia ikahamishiwa kwenye mwinuko ambako minara inaonekana yote bila mtu kuikanyaga tambarare, na kibao kikaachwa kwanza.

Nini kilisaidia na nini hakikusaidia

Sharti la wazee la kutovunja ndilo lililobadilisha kazi yote. Bila sharti hilo nyundo ingetoka siku ya kwanza, kipande kingeonyesha chokaa ndani, na timu ingerudi nyumbani na mnara unaokua, hitimisho lisilo sahihi lenye sampuli safi. Jiwe la ndani lingewathibitishia kuwa ni chokaa, jambo ambalo ni kweli, na lisingewaambia kitu kuhusu maji ya leo. Kwa kukosa nyundo walilazimika kupima maji, na maji ndiyo yaliyokuwa na jibu. Naamini huu ndio utaratibu unaopaswa kufundishwa kwa minara yote ya chemchemi, hata pale ambapo kuvunja kumeruhusiwa: njia, hewa, maji, na jiwe mwisho. Maji yanayotoka leo mguuni mwa mnara si lazima yawe ndiyo yaliyoujenga, na hilo haliwezi kujulikana kwa kulitazama jiwe peke yake.

Uamuzi wa kupoteza siku ukisubiri madumu ya maji unastahili sifa kuliko unavyoonekana kwenye ripoti. Bajeti ya safari ya chuo huwa finyu, gari linalipiwa kwa siku, na kila mtu anatazama saa. Timu nyingi zingeandika “chokaa” na kuendelea. Lakini upungufu wa maji wenyewe ulikuwa kosa la maandalizi. Kwenye ziwa la magadi maji safi yanahitajika kwa kunywa, kwa huduma ya kwanza na kwa kuoshea mawe, na matumizi hayo matatu hayapaswi kutegemea dumu moja.

Timu pia haikurusha droni, ingawa ilikuwa nayo. Maji ya pembezoni yalikuwa na flamingo, na ndege hao wakishtuliwa huruka kundi zima. Natron ndilo ziwa la kutegemewa ambako flamingo wa aina ndogo wa Afrika Mashariki huzaliana, kwa hiyo tahadhari kwenye maziwa ya ukanda huu si ya kupita kiasi. Picha za kutoka mwinukoni zilitosha.

Vipande vilivyookotwa vilikuwa na udhaifu wake. Kipande kilichoanguka hakisemi kilitoka tabaka gani wala upande upi ulikuwa juu, na baadhi yao, ilivyobainika, havikufanana na sehemu yoyote ya mnara uliochunguzwa. Pengine vilisombwa na maji kutoka minara mingine. Ningeshauri bado vianze kuokotwa hivyo, kwa sharti kwamba kila kipande kipigwe picha mahali kilipo, kipimiwe umbali kutoka mguu wa mnara na kuwekewa alama ya juu na chini kabla hakijaguswa. Timu iliviweka vyote kwenye mfuko mmoja.

Kilichoniuma zaidi katika kusoma madaftari yao ni kingine. Waliporudi kwa ajili ya kile kipande cha dole gumba, mvua zilikuwa zimenyesha na maji yamepanda hadi kuufunika ufa wa chemchemi. Maziwa mengi ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu karibu mwaka 2010. Kule Bogoria chemchemi zilizokuwa ufukweni sasa ziko chini ya ziwa. Swali la maji yamepanda kiasi gani hapa lilikuwa na thamani kubwa, na hawakuweza kulijibu, kwa sababu safari ya kwanza hakuna aliyepima usawa wa maji kutoka kwenye alama ya kudumu. Kulikuwa na mwamba wa basalti hatua chache kutoka walipoegesha gari. Alama moja juu yake na futi ndefu ya kupimia vingetosha.

Umri wa mnara bado haujapimwa. Njia inayofaa kwa chokaa ya aina hii ni ya urani na thori, yaani kupima urani ya ndani ya jiwe imegeuka kuwa thori kiasi gani, na inahitaji chokaa safi isiyobadilishwa na maji ya baadaye, sifa ambayo jiwe lenye vitundu vingi hivi linaweza kukosa. Kabla ya kuomba kipande kingine kwa wazee, timu inachunguza kile kidogo kilichopo ili kujua kama kina tabaka linalofaa. Kisipokuwa nalo, hawataomba.